Foki nyepesi ya baiskeli: uangalie nini kabla ya kununua?

Mkishuka na baiskeli za gia kutoka miteremko ya Meru hadi Maji ya Chai, foki ya mbele ndiyo inayopokea kila jiwe. Wengi mnatafuta foki nyepesi. Je, inafaa?

Foki yenye shokapu ya springi ya chuma huwa nzito zaidi. Nyingi hufika kilo 2.5. Foki ya hewa haina springi hiyo, hivyo nyingi huwa karibu kilo 2. Lakini hewa ikivuja, foki hulala. Kuijaza kunataka pampu yake maalumu, si ile ya tairi. Kama huna pampu hiyo, baki na springi.

Dukani, kagua haya:
- Shingo iingie kwenye fremu yako. Nyingi ni inchi 1 na 1/8.
- Iwe na mahali pa kufunga aina ya breki unayotumia.
- Urefu ulingane na foki ya zamani.
- Isiwe na ufa, kutu wala mafuta yanayovuja.

Jihadharini na foki yenye miguu myembamba. Ukishika breki mteremkoni, uzito mwingi huja mbele, na foki ikikatika, unatangulia wewe.