Kukokotoa Urefu wa Wimbi katika Spektra ya Haidrojeni

Umeme wa volti kubwa ukipitishwa kwenye neli yenye haidrojeni kwa shinikizo dogo, gesi hiyo hutoa mwanga wa waridi. Upitishe mwanga huo kwenye prizimu: hupati upinde wa mvua, unapata mistari michache iliyoachana. Mwaka 1885 Johann Balmer, mwalimu wa shule mjini Basel, Uswisi, aliipatia kanuni mistari minne inayoonekana. Mwaka 1888 Johannes Rydberg wa Sweden aliipanua ikawa hii:

1/λ = R(1/n₁² − 1/n₂²)

Hapa λ ni urefu wa wimbi, R ni 1.097 × 10⁷ m⁻¹, n₂ ni ngazi ya nishati inakotoka elektroni na n₁ ni ngazi ya chini inakoangukia.

Mfano. Elektroni inaanguka kutoka ngazi ya 3 hadi ya 2. Tafuta λ.

1/λ = R(1/4 − 1/9) = R × 5/36
1/λ = 1.524 × 10⁶ m⁻¹
λ = 6.56 × 10⁻⁷ m = 656 nm

Huo ni mstari mwekundu.

Angalia mstari wa pili wa hesabu, maana hapo ndipo mtahiniwa mwenye haraka huweka kalamu chini. Bado hujapata λ, umepata 1/λ. Ukiandika kwamba λ ni mita 1.524 × 10⁶, umesema wimbi la mwanga lina kilometa 1,524, mbali kuliko safari ya barabara kutoka Dar es Salaam hadi Mwanza! Pindua kwanza.

Kosa jingine ni kutoa kabla ya kutafuta mraba. (1/2 − 1/3)² ni 1/36, si 5/36, na jibu litakuwa takriban nm 3,280. Jicho halioni mwanga huo. Macho yetu huona takriban nm 400 hadi 700, kwa hiyo swali likitaja mstari unaoonekana, linganisha jibu lako na mipaka hiyo.

Lakini usiutumie ukaguzi huo kila mahali. Elektroni ikianguka kutoka ngazi ya 2 hadi ya 1, λ ni nm 122. Jibu ni sahihi. Mstari huo uko kwenye urujuanimno.

Zoezi. Tafuta λ ya mwanga unaotoka elektroni inapoanguka kutoka ngazi ya 4 hadi ya 2. (Jibu: nm 486)