Mlima huonekana karibu ukiwa Thika, lakini usiupande bila kiongozi

Asubuhi anga inapotakata, mkazi wa Thika akitazama kaskazini huona vilele vya Mlima Kenya vikimeta, na hata Ruiru huonekana siku nyingine. Ukaribu huo wa macho huwahadaa wengi wakadhani kwamba safari ya kilele cha Lenana, chenye kimo cha mita 4,985, ni matembezi ya mwisho wa wiki.

Anayewazia kuteleza juu ya theluji kwa mbao miguuni, kama ifanywavyo katika milima ya Alps, atavunjika moyo. Barafu ya Lewis, iliyokuwa kubwa kuliko zote mlimani humo, imeyeyuka kwa sehemu kubwa mno tangu miaka ya 1930. Philip Boit, aliyeiwakilisha Kenya katika Olimpiki ya majira ya baridi ya Nagano mwaka 1998, alikwenda kujifunza mchezo huo Finland.

Hatari isiyoonekana ni hewa hafifu. Thika iko takriban mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Anayeondoka alfajiri kwa gari kupitia Karatina na Naro Moru aweza kulala Met Station, mita 3,050, na kesho yake akalala kambi ya Mackinder, mita 4,200. Ushauri wa kitabibu ni kwamba mtu akishapita mita 3,000, asipandishe mahali pa kulala kwa zaidi ya mita 500 kwa siku. Huyu amepanda zaidi ya maradufu ya kiwango hicho.

Kuumwa kichwa na kichefuchefu huweza kutulia kwa mapumziko. Lakini mtu akitweta hata akiwa ameketi, huenda mapafu yake yanajaa maji; akipepesuka kama mlevi, huenda ubongo umeanza kuvimba. Lililo la lazima ni kumshusha mara moja, hata usiku wa manane. Mgonjwa mwenyewe aghalabu hukataa, kwa kuwa akili imekwisha kuvurugika. Hapo ndipo kiongozi anapohitajika: humwamuru atembee katika mstari, kisigino kikigusa vidole, na akishindwa, hakuna tena kupanda.

Hata Halford Mackinder, aliyefika Batian mwaka 1899, alikuwa na viongozi wawili, Ollier na Brocherel, aliotoka nao Alps.

Kwa hiyo kabla ya kulipa, muulize kiongozi siku ngapi zimetengwa na mgonjwa hushushwa vipi. Akiahidi Lenana kwa siku mbili, mtafute mwingine.