Koti Jeupe Linaporudi Nyumbani

Tarehe 1 Agosti 2018 Ebola ilitangazwa Kivu Kaskazini, mashariki mwa Kongo, na haukupita muda ugonjwa ukavuka hadi Ituri, katika maeneo ya Mandima na Mambasa. Ulipotangazwa kwisha, tarehe 25 Juni 2020, watu 3,470 walikuwa wameugua na 2,287 kati yao wamefariki. Wahudumu wa afya walioambukizwa walizidi 160. Katika vituo vya kutibu Ebola, kila munganga aliacha nguo zake mlangoni, akavaa za kituo na buti za mpira. Jioni alizivua palepale, zikafuliwa humohumo na kulowekwa kwenye maji ya klorini.

Wodi za kawaida hazina mlango wa namna hiyo. Bunia, jimboni Ituri, kama miji mingi ya ukanda huu, koti la kazi ni mali ya mvaaji: hulinunua mwenyewe, huenda nalo nyumbani, hulifua mwenyewe. Na bakteria, tofauti na Ebola, hawatangaziwi tarehe ya kuingia wala ya kutoka.

Mwaka 2000, watafiti wawili wa Marekani, Neely na Maley, waliweka bakteria juu ya vitambaa vya hospitali kisha wakawafuatilia siku baada ya siku. Stafilokoka na enterokoka wote waliishi angalau siku moja. Wengine walipita siku 90. Huko Israeli, utafiti uliochapishwa mwaka 2011 ulikuta vijidudu vyenye uwezo wa kuleta maradhi kwenye zaidi ya nusu ya sare za madaktari na wauguzi, na baadhi ya vijidudu hivyo havikusikia tena dawa zilizozoeleka.

Sehemu zinazochafuka zaidi zinaeleweka ukimtazama muuguzi kazini. Anainama juu ya kitanda, tumbo la koti linagusa shuka. Anafungua bandeji, ncha ya mkono wa koti inapita juu ya kidonda. Kalamu inaingia mfukoni, inatoka, inaingia tena. Akishanawa mikono vizuri kwa sabuni, inarudi mfukoni mulemule. Hapo ndipo juhudi yote ya kunawa inapopotea, na inaumiza kuona kazi nzuri ikiharibika hivyo.

Haki itendeke: kwamba nguo hubeba bakteria kumethibitishwa mara nyingi, lakini kuonyesha kwamba mgonjwa fulani aliambukizwa na koti fulani ni kazi ngumu zaidi. Mikono bado ndiyo njia kuu. Hata hivyo Uingereza haikusubiri ushahidi ukamilike. Mwaka 2007 wizara yake ya afya iliagiza watumishi wanaohudumia wagonjwa waache wazi sehemu ya chini ya kiwiko: mikono mirefu, saa na tai vikaondoka wodini.

Mwongozo wa huko huko unasema kufua kwa maji ya nyuzi 60 kwa dakika 10 huondoa karibu vijidudu vyote. Lakini nyuzi 60 ni za mashine. Nani Bunia atachemsha beseni zima la maji kila jioni, makaa yakiwa bei ile na maji yenyewe yakibebwa kwa bidoni? Ndiyo maana si sawa kumlaumu muuguzi. Anayepaswa kufua ni hospitali.

Mpaka siku hiyo ifike, kuna mambo yanayowezekana. Makoti mawili badala ya moja, ili moja likauke kabisa, maana unyevu wa miezi ya mvua huwafaa bakteria. Baada ya kufua, kuloweka nusu saa kwenye maji yaliyochanganywa na javeli kidogo, kisha kusuuza. Pasi ya makaa, ikiwa moto sawasawa, humalizia waliobaki. Aproni ya plastiki wakati wa kuzalisha au kusafisha vidonda. Na koti livuliwe wodini, litiwe kwenye mfuko wake peke yake, kabla mwenyewe hajapanda pikipiki kupitia sokoni na kupokewa na mtoto anayetaka kubebwa. Kuhusu mikono mirefu, fundi cherehani yeyote mjini anaweza kuikata kwa dakika chache.