Mikoko si mti mmoja

Kila mwaka wanafunzi wetu husafirishwa kwa mabasi hadi pwani kupanda mikoko. Kujitolea kwao nakusifu. Hata hivyo, nikiwa mwalimu wa isimu, nina lalamiko kuhusu neno lenyewe, na athari zake zinaonekana topeni.

Siku hizi "mikoko" limekuwa jina la msitu mzima wa maji ya chumvi. Kwa wenyeji wa Lamu, Gazi na Vanga, mkoko ni mti mmoja tu miongoni mwa kadha: kuna mlilana, muia, mkandaa, mchu na mkomafi. Kila mmoja una mahali pake. Mlilana husimama mbele ukipigwa na mawimbi, mkoko hufuata, mkandaa huwa juu zaidi, nao mchu huvumilia hata kule nyuma ambako maji hufika kwa nadra na chumvi ni kali.

Sasa fikiria, msomaji, vijana walioambiwa tu, "Pandeni mikoko." Watachukua mkoko, bila shaka, kwa kuwa mbegu yake huota ingali mtini, ikawa ndefu kama rula, na kuichomeka ni kazi ya dakika moja. Mbegu ndogo za mlilana zahitaji kitalu na subira. Basi mkoko huchomekwa hata palipo pa mlilana, na mawimbi huufagia. Picha zimekwisha kupigwa, idadi ya miche imetangazwa. Nani atarudi kuhesabu iliyosalia?

Kasoro iyo hiyo huwapata wanaofyeka mathenge, mti wa kigeni ulioletwa karibu na Mombasa mwaka 1973 kufufua ardhi ya machimbo, ambao sasa umeenea hadi bonde la Mto Tana. Ukikatwa juu ya ardhi huchipuka upya. Sharti shina lichimbwe.

Gazi wamefaulu zaidi. Msitu wao ulikatwa kwa kuni za viwanda katika miaka ya 1970. Tangu 2013, chini ya mradi wa Mikoko Pamoja (jina hilo nalisamehe), wanakijiji wameulinda na kulipwa kwa hewa ya ukaa ambayo miti huhifadhi. Fedha hizo zimeleta maji na vitabu vya shule.

Walimu wanaopanga safari za likizo ya Agosti na waanze kwa mvuvi au mkata boriti mzee, awatajie miti hiyo kwa majina huku akiionyesha, kabla ya mche wa kwanza kutiwa topeni. Na mwanafunzi akiuliza kwa nini kitaluni hamna mlilana, ajibiwe.