Miti: Taarifa za kampuni hulindwa kwa kuhesabu, si kwa kuahidi

Kwenye njia panda ya Miti, katika eneo la Kabare, barabara ya Goma inaachana na ile inayopanda Tshivanga kuelekea Bunyakiri. Kandokando yake, mpaka Kavumu, kuna vituo vya afya, maduka ya dawa, vibanda vya kutuma pesa, koperative za wakulima na ofisi za mashirika. Kazi za namna hiyo haziendi tena bila simu na kompyuta. Ndani yake mna majina ya wakaaji, namba zao za simu, madeni yao na hata magonjwa yao.

Swali kwa mkubwa wa kazi ni moja: ni watu wangapi leo wanaoweza kufungua orodha hizo? Anayejibu "tuko salama" hajajibu. Anayejibu "ni watu 4, na wote bado wanafanya kazi hapa" ameshaanza kulinda.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Taarifa nazo ni mali, na zinahitaji daftari lao.

Siku 70

Mfano mkubwa ni wa shirika ambalo watu wengi wa Kivu wanalijua: Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu, CICR. Tarehe 18 mwezi wa kwanza mwaka 2022 iligundua kwamba wavamizi wameingia katika mashine zake zenye taarifa za watu zaidi ya 515,000. Wengi walikuwa watu waliotenganishwa na jamaa zao kwa vita, uhamaji na maafa, pamoja na waliopotea na familia zinazowatafuta.

Shirika lilijieleza hadharani. Wavamizi waliingia tarehe 9 mwezi wa 11 mwaka 2021, kupitia tundu katika programu moja. Marekebisho ya kuziba tundu hilo yalikuwa yametolewa tangu mwezi wa 9, lakini hayakuwa yamewekwa. Wavamizi walikaa ndani siku 70 kabla ya kuonekana. CICR ililazimika kuzima mitambo iliyosaidia kazi ya kuunganisha familia, kazi ambayo kwa wastani ilikuwa ikirudisha watu 12 kwa jamaa zao kila siku.

Katika habari hiyo mna hesabu mbili ambazo kampuni yoyote ya Miti inaweza kuziandika. Ya kwanza: tangu marekebisho ya programu yatoke, zinapita siku ngapi kabla hatujayaweka? Ya pili: mgeni akiingia, tutamwona baada ya siku ngapi?

Daftari la mistari mitano

Mpango wa ulinzi unaweza kuanza na ukurasa mmoja, unaojazwa kila mwisho wa mwezi na mtu mmoja aliyetajwa kwa jina.

Mstari wa kwanza ni orodha: kompyuta ngapi, simu ngapi, na ndani yake mna taarifa za nani. Kisichoandikwa hakilindwi.

Wa pili ni funguo: watu wangapi wana neno la siri, na wangapi kati yao wameshaacha kazi. Hesabu ya hao walioacha lazima iwe sifuri. Neno moja la siri linalotumiwa na ofisi nzima halihesabiki, kwa sababu likitumiwa vibaya hakuna atakayejua ni nani.

Wa tatu ni siku za marekebisho. Kampuni ijiwekee kikomo, kwa mfano siku 14, kisha iandike ni mashine ngapi zimekivuka. Intaneti ni ghali, kwa hiyo yafaa kutenga siku moja ya wiki ya kununua megabaiti kwa kazi hiyo.

Wa nne ni nakala. Tarehe ya nakala ya mwisho haitoshi. Kila mwezi faili moja lichaguliwe bila kupanga, lirudishwe kutoka kwenye nakala, na dakika zihesabiwe. Nakala isiyowahi kujaribiwa ni matumaini tu.

Wa tano ni watu. Wizi mwingi huanza kwa simu: mtu anajifanya wakala wa kampuni ya simu na kuomba namba ya siri. Mkubwa wa kazi anaweza kupanga jaribio la namna hiyo, kisha ahesabu wangapi walidanganyika na wangapi walitoa habari haraka. Aliyedanganyika asiadhibiwe. Akiadhibiwa, mara nyingine atanyamaza, na mwizi atapata siku 70 zake.

Vita na umeme

Kabare si Geneva. Waasi wa M23 waliteka uwanja wa ndege wa Kavumu tarehe 14 mwezi wa pili mwaka 2025, na siku mbili baadaye walikuwa Bukavu. Katika vurugu hizo maghala ya shirika la chakula duniani, PAM, mjini Bukavu yaliporwa karibu tani 7,000 za chakula. Panapoporwa magunia, kompyuta haiachwi.

Kwa hiyo nakala ya tatu isilale ndani ya jengo moja na kompyuta yenyewe, wala katika mtaa mmoja. Na diski zote zifungwe kwa neno la siri, ili anayeiba mashine asipate majina. Programu za kufanya hivyo bila malipo zipo. Umeme nao ukikatika katikati ya kazi unaweza kuharibu faili, kwa hiyo betri inayotoa muda wa kuzima vizuri ni sehemu ya ulinzi.

Kuna tena swali la kuweka kidogo. Kavumu inajua uzito wa jina. Mwezi wa 12 mwaka 2017, mahakama ya kijeshi iliyoketi huko iliwahukumu wanaume 11 kifungo cha maisha kwa ubakaji wa watoto. Katika kesi hiyo mashahidi walifichwa sura na sauti zao zikabadilishwa. Ulinzi huo unaweza kuvunjwa na karatasi moja iliyosahauliwa ofisini. Jina lisilohitajika lisiandikwe, na lililokwisha kazi lifutwe, kwa tarehe iliyopangwa.

Sheria nayo ipo. Kanuni ya dijitali ya Kongo, iliyotolewa kwa sheria namba 23/010 ya tarehe 13 mwezi wa 3 mwaka 2023, inagusa ulinzi wa taarifa za watu na usalama wa mitambo ya kompyuta. Lakini mgonjwa aliyetaja ugonjwa wake dirishani, au mkulima aliyeacha namba yake ya simu kwenye koperative, hawezi kusubiri mahakama. Kwake, kipimo ni kile kilichoandikwa katika daftari mwisho wa mwezi huu, kikilinganishwa na cha mwezi uliopita.