MKUTANO WA KIJIJI NA FEDHA ZA KISIMA
Maneno kwa Wakulima wa Mashamba Madogo

1. Sababu ya karatasi hii

Huenda mkulima akauliza: "Karatasi za kilimo hutueleza habari za mbegu, samadi na palizi. Kisima kinaingiaje humo?" Jawabu lake si gumu. Mahindi hutaka kupaliliwa mapema, katika majuma ya kwanza baada ya kuota, kabla magugu hayajayanyang'anya chakula chao. Mwanamke aendaye mtoni mara mbili kwa siku, na kila safari ikamchukua saa 2, hutumia saa 4 kila siku kwa maji tu. Kwa siku 6 za juma ni saa 24. Saa hizo zimetolewa shambani, na magugu hayamngojei mtu. Basi nyumba iliyo karibu na maji ina jembe moja zaidi wakati wa palizi.

Lakini kisima hakitoshi kuchimbwa; hapana budi kitunzwe. Hesabu ya vituo vya maji vya vijijini iliyofanywa Tanzania mwanzoni mwa miaka ya 2010 ilionyesha ya kuwa karibu vituo 4 katika kila 10 vilikuwa havitoi maji. Vingine vilikauka. Vingine viliharibika kitu kidogo tu, wala haikuwepo fedha ya kukinunua. Watu wakarudi mtoni, na ndoo zao kichwani, wakipita kando ya pampu iliyosimama kimya.

Karatasi hii yaeleza jinsi watu wa kijiji wawezavyo kukutana, kuchagua kazi iliyo ya kwanza, kutafuta fedha yake, na kuilinda isipotee. Tumechukua mfano wa kisima, lakini maneno haya yafaa pia kwa ghala, zahanati, daraja au njia ya kupeleka mazao sokoni.

2. Mambo yaliyopita

Kazi ya maji kufanywa na wenyeji wenyewe si jambo geni katika nchi hii. Wachaga wa Kilimanjaro walichimba mifongo kuyaleta maji kutoka mlimani hata migombani, zamani sana kabla ya serikali yo yote ya kigeni. Kila mfongo ulikuwa na watu wake. Siku ya kuusafisha ilipotangazwa kila mwenye zamu alipaswa kufika na jembe lake, na asiyefika alitozwa. Mifongo ilidumu miaka mingi kwa kuwa kila mtu alijua zamu yake na wajibu wake.

Katika miaka ya 1960 na 1970 serikali ya Tanzania iliichukua mikononi mwake gharama ya maji ya vijijini, kwanza ya kujenga, kisha hata ya kuendesha. Mwaka 1971 uliwekwa mpango wa miaka 20, ili ifikapo mwaka 1991 kila mtu apate maji karibu na nyumba yake. Shabaha ilikuwa njema, lakini fedha haikutosha, na haikutimia. Kwa hivyo sera ya maji ya mwaka 1991, na baada yake ile ya mwaka 2002, zilibadili njia: watumiaji wa maji vijijini wachangie, tena walipe wenyewe gharama ya kuendesha na kutengeneza. Sera ya mwaka 2002 iliweka pia kipimo cha kufuata: lita 25 kwa kila mtu kwa siku, kituo kisichozidi mita 400 kutoka nyumbani, na kituo kimoja kwa watu 250.

3. Mkutano wenye amri

Watu wengi hudhani ya kuwa mambo ya kijiji huamuliwa na mwenyekiti peke yake. Sivyo. Kwa Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) Na. 7 ya mwaka 1982, amri ya juu katika kijiji ni ya Mkutano Mkuu wa Kijiji, nao ni watu wote wakaao kijijini waliotimiza miaka 18, wanaume kwa wanawake. Mkutano huu hukutanishwa kila miezi 3.

Chini yake iko Halmashauri ya Kijiji, yenye wajumbe wasiopungua 15 wala kuzidi 25, na wenyeviti wa vitongoji wamo. Halmashauri ina kamati zake, na iliyo kubwa kwa habari hii ni Kamati ya Fedha, Uchumi na Mipango. Mtendaji wa Kijiji ni katibu, naye hutunza karatasi na hesabu.

Basi, mkulima, usiseme, "Mimi ni mtu mdogo, nitakwenda kufanya nini mkutanoni?" Asiyekwenda amewaachia wengine kumkatia neno. Tena usiende peke yako ukamwacha mkeo nyumbani. Mchukuaji wa maji ndiye ajuaye ni kisima gani hukauka mwezi wa Septemba, na ni njia gani si salama alfajiri.

4. Kuichagua kazi ya kwanza

Kila kijiji kina haja nyingi, na fedha ni chache. Huyu ataka ofisi ya kijiji iezekwe bati, yule ataka kisima, wa tatu ataka daraja. Mwenye sauti kubwa akishinda, wengine watatoka wakinung'unika, na siku ya mchango hawatatoa kitu. Tangu mwanzo wa miaka ya 2000 vijiji vya Tanzania vimefundishwa njia iitwayo Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo, ambayo kwayo wenyeji huanza kwa kuhesabu vitu walivyo navyo, ndipo wakataja mambo yanayowazuia. Katika njia hiyo fanyeni hivi:

Kwanza, andikeni mlivyo navyo: mchanga, mawe, mafundi, mikono ya kazi, ng'ombe wa kukokota, fedha iliyomo katika mfuko.

Pili, tajeni haja zote, na kila haja ichorwe alama yake chini au katika karatasi, ili asiyejua kusoma naye aelewe.

Tatu, kila mtu apewe punje 3 za mahindi. Azitie penye haja anazoona kubwa. Wanawake wapige punje zao mbali na wanaume, na vijana mbali na wazee, kisha hesabu zote zisomwe hadharani.

Nne, kitongoji kilicho mbali kiulizwe kwa jina. Mara nyingi kilicho mbali ndicho chenye shida, nacho ndicho chenye watu wachache mkutanoni.

Punje zikiisha kuhesabiwa, neno liandikwe katika kitabu cha mihutasari siku ile ile.

5. Fedha hutoka wapi

Zipo njia zaidi ya moja, na yafaa kuzijua zote.

(a) Mchango wa wenyeji. Huu waweza kuwa fedha, mchanga, mawe au kazi ya mikono. Uitishwe baada ya mavuno, si wakati wa njaa. Mchango wa lazima hautozwi kwa neno la mdomo: kijiji hutunga sheria ndogo, Mkutano Mkuu huizungumza, na Halmashauri ya Wilaya huikubali kwanza.

(b) Halmashauri ya Wilaya. Mwaka wa fedha wa serikali huanza tarehe 1 Julai. Mpango wa kijiji hupita katika Kamati ya Maendeleo ya Kata, ndipo ufike wilayani. Kijiji kinachopeleka maombi yake mwezi wa Juni kimechelewa, kwa kuwa fedha zimekwisha kugawanywa. Anzeni mapema, kabla mwaka wa kalenda haujaisha.

(c) Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo. Mfuko huu uliwekwa kwa sheria ya mwaka 2009, na kamati yake huongozwa na Mbunge. Husaidia kazi ambazo wenyeji wamekwisha kuzianza.

(d) Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini, yaani RUWASA, uliowekwa kwa Sheria Na. 5 ya mwaka 2019. Wataalamu wake wilayani ndio wa kuulizwa habari za mahali pa kuchimba na aina ya pampu. Sheria hiyo hiyo yataka watumiaji wa maji wawe na chombo chao cha jamii cha kuendesha huduma.

Msichanganye fedha hizi na mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya wilaya, ambayo ni kwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Mikopo ile haina riba, lakini hurudishwa, nayo ni ya biashara na kazi za kikundi. Haifai kuchimbia kisima cha wote.

6. Hesabu ya ndoo

Sasa sikilizeni hesabu, maana hapa ndipo visima vingi hufa. Bei tunazotaja ni za mfano tu; wekeni za kwenu.

Tuseme pampu moja huhudumia watu 250, nao huchota ndoo 300 kwa siku, kila ndoo lita 20. Kila ndoo hulipiwa shilingi 10. Kwa siku ni shilingi 3,000; kwa mwezi wa siku 30 ni 90,000; kwa miezi 12 ni 1,080,000.

Gharama ni hizi: mlinzi wa pampu, shilingi 40,000 kwa mwezi, grisi na vipuri vidogo, shilingi 10,000 kwa mwezi. Jumla ni 50,000 kwa mwezi, nazo kwa mwaka ni 600,000. Akiba inayobaki ni shilingi 480,000 kila mwaka. Kwa miaka 5 ni 2,400,000. Siku pampu itakapovunjika fedha ipo.

Lakini nusu ya ndoo zikichotwa bure, kwa kuwa huyu ni ndugu wa mlinzi na yule ni mjumbe, mapato ya mwaka yatakuwa 540,000. Gharama ni zile zile 600,000. Pana upungufu wa 60,000, na akiba ni sufuri. Pampu itatoa maji mwaka huu na labda mwaka ujao, na kila mtu atadhani mambo ni mema. Kumbe kisima kimekwisha kufa, ila bado hakijazikwa.

Wengine husema, "Maji ni ya Mungu, mbona tulipe?" Ni kweli, maji ni ya Mungu, lakini mpira wa pampu na mabomba yake huuzwa dukani, na mwenye duka hutaka fedha.

Wapo pia wasioweza kulipa: kikongwe asiye na mtu, mgonjwa, mjane mwenye watoto wadogo. Hao wasamehewe, lakini kwa neno la mkutano na kwa majina yaliyoandikwa. Wakichota ndoo 20 bure kila siku, mfuko hupungukiwa shilingi 72,000 kwa mwaka, na akiba hubaki 408,000. Mzigo huo kijiji chaweza kuuchukua. Kisichoweza kuchukuliwa ni msamaha wa siri.

7. Daftari na sanduku

Wazee walisema: Mali bila daftari hupotea bila habari. Shikeni kanuni hizi:

Apokeaye fedha asiwe yule yule aandikaye hesabu.

Fedha iwekwe benki, na isitolewe ila kwa sahihi za watu zaidi ya mmoja, mmoja wao akiwa mwanamke.

Kila shilingi inayotoka iwe na stakabadhi.

Mapato na matumizi yabandikwe katika ubao wa kijiji, tena yasomwe kwa sauti katika mkutano wa kila miezi 3. Mkulima asiyeelewa na aulize. Kuuliza hesabu si kumtukana mtu. Mtunza fedha mwaminifu hufurahi kuulizwa, maana jawabu lake humsafisha mbele ya watu wote.

8. Ardhi ya kisima

Magomvi mengi huanza baada ya bomba kutoa maji, mwenye shamba anaposema, "Kisima kimo kwangu." Jambo hili limalizwe kabla ya kuchimba. Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999, Halmashauri ya Kijiji husimamia ardhi kwa niaba ya wenyeji, nayo haigawi ardhi pasipo kibali cha Mkutano Mkuu. Basi mahali pa kisima, na njia ya kufikia, papimwe na kuandikwa katika muhtasari. Kama ni shamba la mtu, akubali mbele ya mkutano, na fidia yake ielezwe hapo hapo. Choo na zizi la ng'ombe visiwe karibu na kisima.

9. Mambo ya kukumbuka

Nendeni mkutanoni, mume na mke.
Chagueni kazi moja kwanza, kwa hesabu ya wote.
Pelekeni mpango wenu mapema.
Malizeni neno la ardhi kabla ya kuchimba.
Wekeni bei ya ndoo ipatayo akiba, wala asiwepo mtu wa kuchota bure kwa siri.
Someni hesabu hadharani kila miezi 3.

Katika mkutano ujao wa kijiji chenu, inukeni mkaulize maswali mawili tu: "Mfuko wa maji una shilingi ngapi leo? Na pampu ikivunjika kesho, zitatosha?" Likipatikana jawabu lenye tarakimu, mshukuruni mtunza fedha. Lisipopatikana, mkutano usifungwe kabla ya kuteuliwa watu wa kulitafuta na kutajwa siku ya kulileta.