Kabla hujalishusha gari, itazame barabara ya mtaani kwako

Ndugu msomaji, simama jioni ya Jumamosi kando ya barabara yoyote ya Sinza, Mwananyamala, Tandika au Mbagala. Hutangoja sana kabla ya kuliona gari lililoinama kama mnyama anayenyatia, tumbo lake likikaribia kugusa lami na tairi zake zimejificha ndani ya mabawa. Zamani mtindo huo ulikuwa wa Altezza, Verossa na Subaru Impreza za vijana wachache. Siku hizi hata IST ya familia, ile inayopeleka watoto shule asubuhi na mama sokoni alasiri, hupelekwa gereji "ikashushwe".

Wahenga walisema kipya kinyemi ingawa kidonda. Makala haya hayakusudii kuwagombeza vijana kwa kupenda magari yao, maana kupenda chombo ni mwanzo wa kukitunza. Lakini gari la nyumba nyingi za Kinondoni na Temeke limenunuliwa kwa akiba ya miaka, mkopo wa chama cha akiba, au pensheni ya mzee. Mchana linaweza kuwa teksi ya mtandao, na Jumapili likabeba familia nzima kwenda harusini Kigamboni. Gari kama hilo likiharibiwa miguu yake, aliyeharibikiwa ni nyumba nzima. Yafaa basi tujue springi hufanya nini, shokomzoba hufanya nini, na mtu achague vipi kabla ya kutoa fedha yake.

KAZI MBILI, VYOMBO VIWILI

Kosa la kwanza linalofanywa na wengi wetu ni kudhani kwamba shokomzoba, au "shokapu" kama mafundi wanavyoziita, ndizo zinazobeba gari. Sivyo. Anayebeba ni springi. Mwanasayansi wa Uingereza, Robert Hooke, alieleza mwaka 1678 kwamba springi hubonyea kwa kadiri ya mzigo: ukizidisha mzigo mara mbili, nayo hubonyea mara mbili. Urefu wa gari kutoka ardhini hutokana na kanuni hiyo.

Lakini springi ikiachwa peke yake haina adabu. Ukiibonyeza na kuiachia hucheza juu na chini mara nyingi kabla ya kutulia. Hapo ndipo shokapu huingia. Ndani yake mna pistoni inayosukuma mafuta kupita katika matundu madogo. Mwendo wa springi hugeuzwa kuwa joto, na gari likatulia. Kwa hiyo springi hubeba, shokapu hutuliza. Hizo ni kama mume na mke wa nyumba moja: ukibadili tabia ya mmoja bila kumshauri mwingine, umeanzisha ugomvi.

Kutokana na maelezo hayo utaona kwa nini mtu ambaye gari lake limelala nyuma, akanunua shokapu mpya akitumaini litainuka, hurudi nyumbani amekasirika. Kilichochoka hapo aghalabu ni springi. Na yule ambaye gari lake linarukaruka kama mtumbwi katika mawimbi, akabadili springi, naye hukasirika, kwa sababu zilizokufa ni shokapu.

KUSHUSHA GARI KUNA MAANA GANI?

Tuwe waadilifu: kushusha gari hakukubuniwa na wapumbavu. Gari lililo chini uzito wake husogea karibu na ardhi, nalo hulala kidogo zaidi linapokata kona. Ndiyo maana magari ya mashindano ya viwanja vya lami huwa chini. Viwanda vinavyoheshimika, kama Eibach na H&R vya Ujerumani na Tein cha Japani, hutengeneza springi fupi kwa kazi hiyo, na nyingi kati ya hizo hushusha gari kwa sentimita 2 na nusu hadi 4 tu. Springi hizo ni ngumu kuliko za asili, na sababu yake ni wazi: nafasi ya kubonyea imepungua, kwa hiyo springi lazima ikaze zaidi ili gari lisigonge chini.

Faida hiyo ya kona huonekana hasa kwenye lami laini na mwendo mkubwa. Katika makazi yetu sheria inaruhusu kilometa 50 kwa saa. Kati ya Tandale na Magomeni, au Yombo na Tandika, ni kona ipi utakayoikata kwa kasi ya mashindano bila kumhatarisha mtoto wa jirani?

Watu wa nchi nyingine wamepita njia hii kabla yetu. Huko California, Marekani, vijana wenye asili ya Meksiko walianza kushusha magari tangu miaka ya 1940, wakiyaendesha polepole ili watu wayatazame. Mwaka 1958 ilianza kutumika sheria ya kuzuia gari lenye sehemu yoyote iliyo chini ya ukingo wa rimu zake. Mwaka 1959 kijana mmoja, Ron Aguirre, alifunga katika gari lake mitambo ya haidroliki iliyoweza kulishusha na kulipandisha apendapo. Sheria ile iliondolewa kuanzia tarehe 1 Januari, 2024. Fundisho liko wazi: hata mabingwa wa magari ya chini walitambua kwamba gari lao lazima liweze kuinuka tena.

Na sisi Afrika Mashariki tunayo historia yetu. Mbio za magari za Safari, zilizoanza mwaka 1953 na kupita Kenya, Uganda na Tanganyika, ziliwatoa mabingwa kama Joginder Singh, aliyeshinda mwaka 1965, 1974 na 1976, na Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, aliyeshinda mara 5 kati ya 1973 na 1982. Magari yao yaliinuliwa, yakakazwa miguu na kufungwa bamba la chuma chini ya injini. Waliozijua barabara zetu kuliko wote waliyapandisha magari yao.

HESABU YA TUTA

Chukua kalamu, ndugu msomaji, tufanye hesabu ya darasa la nne. Magari mengi madogo ya Kijapani huwa na nafasi ya kama sentimita 15 kati ya tumbo na ardhi. Ukilishusha kwa sentimita 4 zimebaki 11. Sasa wapakie watu 5 wenye kilo 65 kila mmoja. Hizo ni kilo 325, bado mfuko wa mchele na ndoo za harusi. Tuseme gari limebonyea sentimita 4 nyingine. Zimebaki 7. Je, matuta ya mtaani kwako, hasa yale yaliyojengwa na wakazi wenyewe kwa udongo na kokoto, yana kimo gani?

Kinachogusa kwanza huwa ni bomba la moshi au sampu ya mafuta ya injini. Bomba likipasuka utapata kelele na harufu. Sampu ikipasuka bila wewe kujua, mafuta humwagika, na injini hukwama baada ya mwendo mfupi. Mtu aliyetafuta urembo wa sentimita 4 huishia kununua injini nyingine.

Wakati wa masika, kati ya Machi na Mei, hesabu hiyo huwa mbaya zaidi. Ni kweli kwamba barabara kadhaa za mitaa ya Temeke, Kinondoni na Ilala zimewekwa lami katika miaka ya karibuni. Lakini safari ya gari huishia mlangoni kwako, na huko ndiko kwenye mfereji wa maji, shimo lililofunikwa na dimbwi, na mawe yaliyotupwa ili watu wapite.

MSUMENO NA MOTO

Jambo linalosikitisha zaidi hutendeka katika baadhi ya gereji za chini ya miti. Mteja hana fedha za springi za kiwandani, basi fundi huichukua springi ya asili na kuikata mzunguko mmoja au miwili. Wengine huichoma kwa moto wa gesi mpaka inalala.

Ni muhimu kila mwenye gari ajue madhara yake. Springi iliyokatwa hupoteza ncha yake iliyotengenezwa ikae sawasawa kwenye kikombe chake. Gari likiruka shimo na gurudumu likaning'inia, springi inaweza kulegea na kuhama mahali pake. Iliyochomwa ni mbaya zaidi, kwa kuwa chuma cha springi hupewa nguvu zake kiwandani kwa joto lililopimwa. Moto wa gereji huzifuta nguvu hizo, na springi huendelea kulala au kuvunjika siku usiyoitarajia. Na ikivunjika, ncha yake inaweza kuchana tairi gari likiwa mwendoni.

Shokapu za asili nazo huteseka. Zimepimwa kwa springi ndefu; ukiweka fupi, pistoni hufanya kazi karibu na mwisho wa njia yake, mpira wa kuzuia mgongano hupigwa kila mara, na sili za mafuta huchoka mapema. Kadhalika magurudumu hubadili pembe na kuinama kwa ndani. Usipofanya alaimenti, tairi zitaliwa upande wa ndani, mahali ambapo mwenye gari hapaoni mpaka nyuzi zitokeze.

NAMNA YA KUCHAGUA

Kwanza, lijue gari lako kwa namba. Usiende Kariakoo au Gerezani ukasema tu "nataka shokapu za IST". Kibao kilicho kwenye bodi hutaja aina ya chasisi: NCP60, NCP61 au NCP65. Hiyo ya mwisho huendeshwa kwa magurudumu yote manne, na miguu yake ya nyuma si sawa na ya wenzake. Andika namba hiyo katika karatasi na umwonyeshe muuzaji.

Pili, pima hali ya zilizopo. Bonyeza kona moja ya gari kwa nguvu kisha uachie. Likipanda na kutulia, ni vema. Likicheza mara mbili au tatu, shokapu imechoka. Tazama kama mafuta yamevuja mwilini mwake, na kama tairi imeliwa kwa mabonde mabonde. Shokapu mbovu pia hufanya gari lichelewe kusimama unapofunga breki, kwa kuwa tairi hairuki bila kuiacha barabara.

Tatu, nunua kwa jozi. Shokapu za mbele zibadilishwe zote mbili, na za nyuma vivyo hivyo. Kuweka moja mpya na moja mzee ni kulifanya gari lichechemee.

Nne, uangalie mtumba. Springi iliyotumika, kama imenyooka, haina ufa wala kutu ya kula chuma, na imetoka katika gari la aina ileile, inaweza kufaa. Shokapu iliyotumika ni bahati nasibu. Sili zake zimekaa miaka mingi na hakuna ajuaye mafuta yake yamebaki kiasi gani. Kwa mpya, jihadhari na bandia zinazovaa majina makubwa kama KYB au Monroe. Bei ikiwa ya chini mno, jiulize. Dai risiti ya mashine, maana asiyetaka kutoa risiti hataki kukuona ukirudi.

Tano, simamia ufungaji. Springi iliyobanwa ina nguvu ya kuua mtu. Fundi atumie kibanio chake maalumu, asitumie kamba wala waya. Boliti za bushi zikazwe mwisho gari likiwa limekanyaga chini, kwa sababu zikikazwa magurudumu yakining'inia, mpira wa bushi hujipinda na kuchanika mapema. Halafu nenda ukafanye alaimenti, na taa za mbele zipimwe upya.

KAMA BADO UNATAKA KULISHUSHA

Ikiwa gari ni lako peke yako, hulipakii watu wengi, na njia zako zote ni za lami, basi lishushe kwa adabu. Nunua springi na shokapu zilizotengenezwa ziwe pamoja, za mbele na nyuma, wala usizidi sentimita 3. Zitunze za asili. Siku utakayohamia Mbweni au Kijichi utazihitaji. Soma mkataba wako wa bima uone unasemaje kuhusu mabadiliko ya gari, na umwarifu wakala kabla ya ajali.

Lakini kama ni gari la nyumba, fedha hiyo hiyo ya kushushia inatosha kuanza kulirudishia kimo chake cha asili: springi zilizo nzima, shokapu za kweli, bushi mpya, na alaimenti. Wala usikimbilie upande wa pili kwa kuweka spesa nene chini ya springi ili gari lipae. Nazo huvuta ekseli na kuchosha viungo.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Leo jioni, kabla giza halijaingia, chuchumaa kando ya gari lako. Pitisha mkono upande wa ndani wa kila tairi, tazama kila shokapu kama imelowa mafuta, na umwite kijana wako achuchumae nawe aone. Mkiyaona hayo pamoja, mazungumzo ya kushusha au kutoshusha yatakuwa mafupi.